Tope la Meru na Barafu ya Mbali

Masika yakikolea Kimandolu, jijini Arusha, maji ya mtaroni hugeuka rangi mapema. Yanashuka kutoka mashamba ya migomba na kahawa yaliyo upande wa Mlima Meru, yanapita kwenye njia zisizo na lami, yanasomba udongo na mchanga mweusi wa volkano, kisha yanapotelea korongoni. Mwenye nyumba huyaona ni kero ya msimu. Mwanajiolojia huona mzigo ulioanza safari ya kiasi cha kilomita 500 kwenda Bahari ya Hindi.

Njia yenyewe inafuatika kwa kidole kwenye ramani. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka hukusanya maji ya jiji la Arusha. Mashariki zaidi ipo mito ya Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai. Maji ya miteremko hii ya kusini hukusanywa na Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. (Ruvu hii ni ya upande wa Kilimanjaro, si ile inayowanywesha watu wa Dar es Salaam.) Kuanzia hapo mto huitwa Pangani. Unavuka mbuga kavu, unapita Korogwe, unaporomoka Hale, na kumwagika baharini kwenye mji wenye jina lake, kusini mwa Tanga.

Mzigo huo ukishafika mdomoni mwa mto, hutua wapi? Jibu limebadilika mara nyingi. Kuna nyakati tope la Meru na Kilimanjaro liliishia kwenye maji ya kina kifupi, karibu kabisa na ufukwe, na kuna nyakati lilipitiliza hadi gizani, mamia ya mita chini. Kilichoamua kwa sehemu kubwa ni barafu, tena barafu ambayo haikuwahi kuwapo katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Barafu yetu wenyewe tunaijua. Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 11 za barafu mwaka 1912. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Katika kilele cha enzi ya barafu iliyopita barafu hiyo ilishuka chini sana kuliko leo na kusukuma matuta ya mawe ambayo bado yanaonekana katika nyanda kati ya Kibo na Mawenzi. Mwaka 2000 watafiti Timothy Shanahan na Marek Zreda walichapisha umri wa matuta ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya, kwa kupima klorini ya aina maalumu inayoundwa ndani ya mwamba unapopigwa na miale ya angani. Yapo waliyoyakadiria umri wa miaka kama 20,000.

Hata hivyo barafu yote ya Afrika Mashariki, ingeyeyuka kwa mkupuo, isingeinua bahari kiasi cha mtu kutambua. Mzigo mkubwa ulikuwa Kanada, kaskazini mwa Marekani, Skandinavia na Antaktika. Kanada peke yake ilifunikwa na barafu iliyofikia unene wa kilomita 3 hivi katika baadhi ya maeneo. Maji ya kuitengeneza yalitoka baharini, kwa njia ya mvuke na theluji, na hayakurudi kwa maelfu ya miaka. Matokeo yake, takriban miaka 21,000 iliyopita uso wa bahari duniani kote ulikuwa chini ya ulipo leo kwa mita 120 au zaidi.

Mita 120 ni nyingi kwa pwani yetu. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara una kina kidogo, kwa kawaida makumi machache tu ya mita, hivyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mafia vilevile. Pemba haikuungana na bara, kwa kuwa mkondo wake una kina kinachozidi mita 800. Ushahidi wa Unguja kuwa bara haupo kwenye mahesabu peke yake. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, waakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na wanyama wengine wakubwa wa mbugani walioishi huko kiasi cha miaka 20,000 iliyopita. Pundamilia hakuogelea kutoka Bagamoyo. Alitembea.

Sasa turudi kwa mto. Mbele ya pwani ya Tanzania, chini ya maji, upo ukanda bapa wa kina kifupi kabla sakafu ya bahari haijaporomoka, kama baraza iliyo mbele ya nyumba. Mahali pengi baraza hiyo ina upana wa kilomita chache tu. Hupanuka kwenye maeneo ya Unguja na Mafia. Leo imefunikwa na maji, na mto unapofika hukuta bahari imetulia juu yake. Mwendo wa maji hupungua, mchanga huanguka mara moja, tope laini husukumwa na mawimbi na mikondo kandokando ya pwani, na jingine hunaswa na mikoko. Ni sehemu ndogo tu inayovuka ukingo na kutumbukia kwenye kina.

Bahari iliposhuka, baraza ilikauka. Mito haikuwa na mahali pa kutulia tena. Iliendelea mbele juu ya nchi kavu, ikachimba mabonde ndani ya mwamba wa matumbawe uliojengwa wakati bahari ilipokuwa juu, na kumwaga mzigo wake ukingoni kabisa. Mabonde hayo bado tunayatumia kila siku bila kuyashukuru. Bahari iliporudi iliyafurika, na ndiyo sababu Mombasa ina Kilindini na hori za Tudor na Port Reitz, na Dar es Salaam ina bandari iliyojificha ndani, nyuma ya mlango mwembamba. Meli za makontena zinatia nanga juu ya mito ya enzi ya barafu.

Mzigo uliorundikana ukingoni haukai. Mteremko ni mkali, tope limejaa maji, na linaweza kuteleza kwa tetemeko, kwa dhoruba au kwa uzito wake lenyewe. Likianza, huchanganyika na maji na kuwa wingu zito linalokimbia chini likifuata sakafu. Wanasayansi hujua alama yake: tabaka lenye mchanga mkubwa chini na tope laini juu, kwa kuwa chembe nzito hutua kwanza.

Anayetaka kuona jambo hilo kwa macho ya leo aitazame Kongo. Mto Kongo ni wa ajabu kwa sababu korongo lake la chini ya bahari linaanzia ndani ya mdomo wenyewe wa mto. Haukupoteza njia yake bahari ilipopanda. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 2019, mnamo Januari 2020 mkondo wa tope ulitoka katika korongo hilo na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya Atlantiki, ukakata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS zilizounganisha Afrika Magharibi na Afrika Kusini. Watu wakalalamikia intaneti. Kwa hakika walikuwa wamekatiwa na mto.

Pangani haina korongo la aina hiyo. Kwa hiyo wenye hamu ya kujua ilivyokuwa zamani walilazimika kuchimba. Mwaka 2008 meli ya utafiti ya Ujerumani, Meteor, ilipita katika maji ya Tanzania na kuchomeka mabomba marefu kwenye tope la mteremko wa bahari, kuanzia eneo linalotazamana na Pangani hadi linalotazamana na Rufiji. Tope lililotoka lilihifadhiwa na kusomwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bremen na wenzao. Xiting Liu, Rebecca Rendle-Bühring na Rüdiger Henrich walitoa mfululizo wa makala kati ya 2016 na 2018 kuhusu mabomba hayo: moja ikaeleza namna tabianchi na kimo cha bahari vilivyoongoza mikondo ya tope kwenye mteremko wa Tanzania, nyingine zikafuatilia kemia ya mashapo tangu kilele cha enzi ya barafu.

Kusoma tope kunahitaji maelezo kidogo. Udongo wa nchi kavu, hasa unaotokana na miamba ya volkano kama ya Meru, una chuma kingi na titani. Bahari nayo hutoa chokaa, yaani kalsiamu, kutokana na magamba ya viumbe vyake. Mashine hupitishwa juu ya bomba la tope na kuhesabu chuma kwa kalsiamu, sentimita baada ya sentimita. Chuma kikizidi, mto ulikuwa na sauti. Kalsiamu ikizidi, mto ulikuwa mbali au hauna nguvu.

Saa ya kupima miaka imo ndani ya magamba hayohayo. Mengi ni ya viumbe vya seli moja viitwavyo foraminifera, vidogo kama punje ya mchanga. Kaboni iliyomo humwambia mtafiti umri. Oksijeni iliyomo husema habari za barafu: maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, hivyo barafu ya nchi kavu inapokua huikusanya ile nyepesi, na bahari hubaki na iliyo nzito. Kiumbe anayejenga gamba lake katika bahari hiyo huandika kiasi hicho bila kujua. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walitumia tope lililotoka kusini mwa Bahari ya Hindi kuonyesha kwamba enzi za barafu hufuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia, kwa vipindi vya takriban miaka 23,000, 41,000 na 100,000. Milutin Milankovitch alikuwa ameyapiga mahesabu hayo miongo kadhaa kabla, na wengi hawakumwamini. Bahari yetu ndiyo iliyomtolea ushahidi.

Mpaka hapa habari ni rahisi mno, na mimi huwa na shaka na habari rahisi. Kama bahari ikishuka mto unafika ukingoni, basi kilele cha enzi ya barafu ndicho kingekuwa kipindi cha tope jingi kuliko vyote. Lakini mto hauhitaji njia tu, unahitaji maji pia, na wakati ule Afrika Mashariki ilikuwa na kiu. Ziwa Victoria lilikauka kabisa kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita; pale wanapovua sangara leo palikuwa na nyasi. Ziwa Chala, lililo kwenye kreta mashariki mwa Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, lina mashapo yaliyotunza kumbukumbu hiyo tabaka kwa tabaka. Dirk Verschuren na wenzake waliitangaza mwaka 2009 kumbukumbu ya miaka 25,000 kutoka Chala, na mwaka 2016 mradi wa DeepCHALLA ulichimba chini zaidi, kwenye tabaka zinazorudi nyuma takriban miaka 250,000. Mvua ya hapa haikufuata barafu kwa utii. Ilifuata pia nguvu ya jua la Ikweta na pepo za kaskazi na kusi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayovutana: njia na maji. Barafu ilipokuwa kubwa, njia ilikuwa wazi na maji machache. Barafu ilipoanza kuyeyuka, kiasi cha miaka 19,000 iliyopita, bahari ilianza kupanda, wakati mwingine kwa kasi ya kutisha: takriban miaka 14,600 iliyopita iliongezeka zaidi ya mita 10 ndani ya karne chache. Wakati huohuo mvua zilirudi. Tangu karibu miaka 15,000 iliyopita hadi 5,000 hivi, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa na unyevu kuliko leo, na Sahara ilikuwa na maziwa na viboko. Kukawa na kipindi kifupi ambamo mito yetu ilikuwa imejaa na baraza ilikuwa bado haijafunikwa yote. Baada ya hapo bahari ilimeza baraza, ikasimama karibu na kimo cha leo miaka 7,000 hivi iliyopita, na sehemu kubwa ya mzigo ikaanza kubaki karibu na nyumbani.

Meru nao haukuwa mtazamaji. Ukiutazama kutoka upande wa Momella utaona upande wake wa mashariki haupo. Uliporomoka katika zama za baada ya barafu, kwa makadirio kati ya miaka 7,000 na 10,000 iliyopita, na kifusi kikasambaa mashariki kuelekea miguuni mwa Kilimanjaro. Vilima vidogo vilivyotapakaa Momella ni mabonge ya mlima huo, na maziwa yaliyo katikati yake ni mashimo yaliyobaki. Mlima ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, mlipuko mdogo ukilinganishwa na huo. Mito ya Arusha, kwa hiyo, haikosi cha kubeba: inapita juu ya majivu na vifusi ambavyo bado havijashikana kuwa mwamba imara.

Tukirudi nyuma zaidi, mpaka zamani ambazo Meru na Kilimanjaro havikuwapo, kanuni ileile inajitokeza kwa kiwango kikubwa. Kusini mwa nchi, kati ya Kilwa na Lindi, kuna udongo mzito wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari na sasa umeinuliwa kuwa nchi kavu. Wanajiolojia wameugawa kwa majina ya huko: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Katika miaka ya 2000 kikosi cha Paul Pearson, Chris Nicholas na Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) kilichimba visima vingi katika udongo huo. Tope la mito lilizifunika foraminifera haraka na kuzizuia zisipitiwe na maji, hivyo baada ya makumi ya mamilioni ya miaka magamba bado yanang'aa kama ya viumbe vilivyokufa jana. Sehemu nyingi duniani magamba ya umri huo yamegeuka chokaa butu kisichosema kitu.

Ndani yake mna kumbukumbu ya miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu ilipoitawala Antaktika kwa mara ya kwanza. Katika visima vya Tanzania mabadiliko hayo yanaonekana kwa oksijeni ya magamba, na kundi zima la Hantkenina, foraminifera wenye miiba, linatoweka katika tabaka hizohizo. Mwaka 2009 Pearson na wenzake walitumia mashapo hayohayo kukadiria hewa ukaa iliyokuwa angani wakati huo, na kazi ikachapishwa katika jarida la Nature. Spishi mojawapo ya Hantkenina imepewa jina la Singano. Mambo haya yangepaswa kuwamo kwenye vitabu vya jiografia vya sekondari zetu, ambako mpaka leo mfano wa enzi ya barafu ni Ulaya.

Kuna fedha pia katika habari hii. Gesi iliyogunduliwa katika maji ya kina ya Tanzania tangu 2010 imo ndani ya mchanga wa namna hii: mchanga wa mito ya kale uliotelezeshwa hadi kwenye kina, ukafunikwa na tope lisilopitisha hewa. Makadirio rasmi yanataja futi za ujazo trilioni 57 kwa nchi nzima, nyingi zikiwa baharini. Wanaobishana Lindi kuhusu mradi wa gesi wanabishana juu ya mahali ambapo mito ya zamani ilitupa mchanga wake.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote hayo. Kwa mamilioni ya miaka, mahali tope linapotua pamepangwa na bahari, mvua na milima. Sasa mpangaji ni mwingine. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, na tangu hapo mto unapoingia katika maji hayo yaliyotuama, mchanga wa Arusha na Kilimanjaro huzama palepale. Kwa tope la Kimandolu, bahari imeletwa mlangoni: mdomo wa mto uko Mwanga na Simanjiro, si Pangani. Hata enzi ya barafu haikufanya mabadiliko makubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo. Rufiji nayo imefuata. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mto uliojenga delta yenye msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika Mashariki sasa unaacha sehemu ya mzigo wake juu, kwenye korongo la Stiegler.

Pwani haiishi bila mzigo huo. Mawimbi hayaachi kuchukua mchanga kwa sababu mto umeacha kuleta. Mji wa Pangani umekuwa ukijenga kuta dhidi ya bahari, na maji ya chumvi hupanda mtoni mbali kuliko wakulima wa kandokando wanavyotaka. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya Pangani na kilichokuwa na miti na mazalia ya kasa, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Si haki kulitwisha bwawa moja lawama zote; miti ya Maziwe ilikatwa, na bahari yenyewe inapanda, safari hii kwa sababu ya moshi wetu na si mzunguko wa dunia. Lakini mto usioleta mchanga hauwezi kuisaidia pwani inayoliwa.

Sisemi mabwawa yabomolewe. Umeme tunauhitaji, na Nyumba ya Mungu imelisha wavuvi wengi. Ninachotaka ni kwamba tope lihesabiwe kama maji yanavyohesabiwa. Katika mkutano wowote wa bonde la Pangani au Rufiji, muulize mhandisi swali la pili baada ya lile la megawati: mchanga kiasi gani utabaki nyuma ya ukuta, na ni mwaka gani bwawa litajaa?